Sindano Kavu Uwanjani: Pafu Linafika Wapi?

Wasikilizaji wangu wa Sumbawanga mjini, wa Laela na Mpui, wa Matai na Namanyere, na ninyi mlioko kule chini bondeni, Muze na Mtowisa, leo nataka tuzungumze habari ya sindano inayoitwa sindano kavu, na mkono unaoishika.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alinijia nyumbani jioni, saa ile upepo wa Ufipa unapoanza kupenya kwenye koti. Nilimfundisha darasani miaka hiyo, nikamfundisha na mpira. Siku hizi ni mchua misuli wa timu ya kijiji chao. Watu hawa mnawajua. Refa akipuliza filimbi na mchezaji yuko chini, ndiye anayekimbia na ndoo ya maji na begi. Ana dawa ya kuchua, ana bandeji, ana barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kama siku hiyo imepatikana. Halipwi. Akipewa nauli na soda anashukuru, na timu ikishinda mbuzi, naye anakula nyama na wenzake, basi. Mimi nawaheshimu sana. Nimezunguka na timu za shule miaka mingi, na nimeona mechi ambazo bila mtu wa namna hii mtoto angebaki amelala kwenye majani mpaka jioni.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu chai.”

Alikunywa nusu kikombe, akatoa mfukoni kisanduku kidogo. Ndani mlikuwa na sindano mia, nyembamba kama unywele wa farasi, kila moja kwenye kifuko chake. Alimwagiza mtu Dar es Salaam. Akanifungulia simu, akanionyesha video: mchezaji amelala kifudifudi, mtu mwenye glovu anamchoma kwenye paja, nyama ya paja inaruka mara moja, kisha inatulia. “Hii inaitwa sindano kavu, Mwalimu. Wachezaji wakubwa wa Ulaya wanatibiwa hivi. Msuli ukikaza unachoma pale penye fundo, unaachia. Vijana wangu wanabanwa sana na misuli, na ligi inaanza. Nataka nianze nao. Unaonaje?”

Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilimuuliza hivi: “Mchezaji akikwambia bega limekaza, nawe unataka kumchoma hapa juu, kati ya shingo na bega, pafu lake kwa juu linafika wapi?”

Aliweka kiganja kifuani, chini ya mtulinga, karibu vidole vinne. “Hapa.”

Hapo ndipo mazungumzo ya leo yalipoanzia. Kichwa cha pafu kinapanda juu ya mtulinga, sentimita mbili hadi tatu, kikaingia kwenye shina la shingo. Pale alipotaka kuchoma, akidhani chini yake ni nyama tupu, pana pafu. Na kwa kijana mwembamba, kama walivyo wachezaji wetu wengi, kutoka kwenye ngozi mpaka kwenye pafu, mahali pengine pa mgongo na kifua, panaweza pasizidi sentimita mbili. Sindano zake zilikuwa na urefu wa sentimita nne.

Tuelewane kwanza sindano hii ni nini, maana ninasikia wengine wanaichanganya na mambo mengine. Inaitwa kavu kwa kuwa haina kitu ndani. Haina bomba, haina dawa, haina hata tundu. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu, unene wake robo ya milimita au zaidi kidogo, wakati sindano ya kawaida ya kuchomea dawa kwenye msuli ina unene wa milimita 0.6 hadi 0.8. Mtaalamu anapapasa msuli mpaka apate pale palipokaza kama kamba iliyosokotwa, penye fundo ambalo ukilibonyeza mtu anashtuka, na pengine maumivu yanajitokeza mahali pengine kabisa. Unabonyeza juu ya bega, mtu anakwambia kichwa ndicho kinachouma. Hapo kwenye fundo ndipo sindano inapopita.

Daktari mmoja Mmarekani, Janet Travell, aliyezaliwa mwaka 1901 na ambaye alikuwa daktari wa Rais John F. Kennedy, alitumia maisha yake kuchora ramani ya mafundo haya mwili mzima. Kitabu chake kikubwa, alichoandika pamoja na David Simons, kilitoka mwaka 1983. Yeye alikuwa akichoma dawa ya ganzi penye fundo. Halafu mwaka 1979 daktari wa Prague, Karel Lewit, aliandika habari za wagonjwa wake 241 akaonyesha kwamba mara nyingi kinachotuliza maumivu ni ncha ya sindano kufika hasa pale panapouma, hata kama hamna dawa yoyote. Tangu hapo sindano kavu ikawa tiba yenye jina lake. Akupancha ya Wachina ni jambo jingine, la kale zaidi, lenye elimu yake na njia zake za kusoma mwili. Madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu mwaka 1964 na Bara tangu 1968, kwa hiyo si ajabu Mtanzania akiona sindano nyembamba akawaza Uchina moja kwa moja. Sindano zenyewe zinafanana. Anachokifikiria mchomaji ndicho kinachotofautiana.

Je, inasaidia? Inasaidia, kwa kiasi. Tafiti nyingi zinaonyesha maumivu yanapungua katika siku na wiki za mwanzo. Baada ya hapo, ukilinganisha na mazoezi ya tiba yaliyofanywa vizuri, tofauti inakuwa ndogo au haionekani. Kwa hiyo simlaumu kijana wangu kwa kuvutiwa. Ameona kitu cha kweli. Ila ameuona mwisho wa safari akadhani ndiyo safari nzima.

Nataka nikae hapa kidogo, maana ndiyo kiini cha ninachosema leo.

Marekani wana kada ambayo kwetu haijazoeleka. Mwenye kazi hiyo si kocha wala daktari, na si yule anayekusimamia kunyanyua vyuma. Ni mtaalamu wa afya ya wanamichezo, anakaa na timu mazoezini na kwenye mechi, anapima jeraha pale pale, anatoa huduma ya kwanza, anamsimamia mchezaji mpaka arudi uwanjani. Siku hizi njia yake inapita kwenye shahada ya uzamili, kisha mtihani wa taifa, na karibu kila jimbo linamtaka awe na leseni. Mtu wa namna hiyo, pamoja na elimu yote hiyo, bado hawezi kuamka asubuhi akashika sindano kavu. Inategemea jimbo. Yapo yanayomruhusu akipata mafunzo ya ziada, yapo yanayomkatalia.

Hata wenzake wa fiziotherapia, ambao ndio walioanza mapema zaidi, wamewekewa vipimo. Colorado wanadai saa zisizopungua 46 za mafunzo ya ana kwa ana, yaani mwalimu na mwanafunzi chumba kimoja. Maryland wanataka saa 80, na nusu yake iwe ya mikono, mwanafunzi akichoma huku anaangaliwa. Illinois wakaenda mbele zaidi: mbali na masomo na saa 54 za vitendo, mtu anatakiwa awe amewatibu wagonjwa kwa vikao 200 chini ya usimamizi. Mara 200 mtu mwingine anayejua amesimama pembeni anatazama vidole vyako.

Mabishano kuhusu saa hizi yamekuwa makali huko kwao. Wengine wanaona 46 ni nyingi mno kwa mtu aliyekwisha kusoma, wengine wanaona hata 80 ni chache. Mwaka 2015 shirikisho la mabodi yanayosimamia fiziotherapia katika majimbo ya Marekani lilitoa ripoti iliyochambua kila jambo ambalo mchoma sindano kavu anapaswa kulijua. Ilionyesha kwamba asilimia 86 ya mambo hayo mtaalamu wa fiziotherapia ameshayapata chuoni: mifupa, misuli, mishipa ya fahamu na ya damu, mapafu, namna ya kumpima mtu, namna ya kuzuia maambukizi, ni wakati gani umrudishe mgonjwa kwa daktari. Asilimia 14 tu ndiyo iliyobaki kujifunza, na sehemu kubwa ya hiyo ni sindano yenyewe: unaishikaje, unaielekeza wapi, unaipeleka kwa kina gani.

Sasa rudini kwenye video ya simu. Inafundisha nini? Inafundisha hiyo 14, tena kwa kuiangalia tu. Hiyo 86 haimo, kwa sababu haiingii kwenye video ya dakika sita. Na yule anayechoma kwenye video anaonekana anafanya jambo jepesi kwa sababu 86 ameshaibeba kichwani na vidoleni. Ninyi mnaona mkono unashuka. Hamwoni kwamba mkono wa kushoto umeishika na kuinyanyua nyama ya bega kwanza, ukaitenga na mbavu, ndipo wa kulia ukashuka kuelekea kwenye vidole vya kushoto, mbali na pafu. Kijana wangu alikuwa ameitazama video ile zaidi ya mara ishirini. Mkono wa kushoto hakuwa ameuona hata mara moja. Nilipomwonyesha alinyamaza.

Tukiongea habari ya kujifunza uganga wa mwili, hapa Ufipa hatuhitaji kwenda Illinois kutafuta mfano. Pale mjini kwetu kuna hospitali inayoitwa Dk. Atiman, na nina hakika wengi wenu mmezaliwa pale au mmelazwa pale bila kuulizana Atiman alikuwa nani. Adrian Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Mali, upande wa Timbuktu. Alitekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers. Mwaka 1881 wakampeleka Malta kusomea udaktari. Alikaa huko mpaka 1888. Mwaka uliofuata akafika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akatibu watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: miaka saba ya kujifunza, kisha miaka 67 ya kutibu. Wakati ule hapakuwa na baraza lolote la kumuuliza cheti katika nchi hii. Angeweza kupewa chupa tatu za dawa na kitabu akaambiwa nenda. Waliomtuma walijua anakwenda mahali ambapo akikosea hakuna wa kumrekebisha, kwa hiyo wakamfundisha kabla ya kumtuma. Mimi huliona jambo hili kila nikipita kwenye lango lile. Mahali palipo mbali na msaada panadai mganga aliyesoma zaidi, lakini sisi tumezoea kuwaza kinyume chake, kwamba kijijini yeyote anafaa.

Na sasa niwaeleze kwa nini umbali wetu unanitia hofu.

Sindano kavu mikononi mwa waliofundishwa ni salama sana. Ireland walifuatilia wataalamu 39 wa fiziotherapia katika matibabu 7,629, matokeo yakatolewa mwaka 2014. Karibu tiba moja katika kila tano ilileta usumbufu mdogo, mchubuko, tone la damu, maumivu kidogo. Hakuna hata moja iliyoleta dhara kubwa. Lakini wote 39 walikuwa wamesoma. Mtu asichukue takwimu za waliosoma akazivaa yeye ambaye hajasoma.

Dhara kubwa linaloogopwa kuliko yote ni pafu kutobolewa. Hewa inavuja kutoka kwenye pafu, inajaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, na pafu linasinyaa. Mwishoni mwa mwaka 2013, miezi michache kabla ya Olimpiki ya Sochi, Torin Yater-Wallace, kijana Mmarekani aliyekuwa akishindana kwa kuteleza kwenye theluji, alipata hilo hilo akiwa kwenye matibabu ya sindano. Alikuwa na hospitali karibu, alikuwa na timu nzima ya madaktari, alipona na Sochi akashiriki. Basi mhamishieni huyo kijana Muze.

Mara nyingi pafu lililotobolewa na sindano nyembamba halijulikani papo hapo. Mchezaji anaamka, anasema asante, anavaa viatu. Baada ya saa kadhaa, pengine usiku au kesho yake, anahisi kisu upande mmoja wa kifua akivuta pumzi, kikohozi kikavu kinaanza, pumzi inakuwa fupi. Wakati huo mchua misuli ameshaondoka na timu yake. Mama mtu anadhani ni kichomi cha baridi, anamkandakanda kwa maji ya moto.

Asubuhi wanaamua kumpeleka mjini. Kutoka Muze unapanda mlima wa Lyamba lya Mfipa. Bonde la Ziwa Rukwa liko mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari, na Sumbawanga iko takriban mita 1,800. Waliosoma fizikia wanajua: ukipanda juu, mgandamizo wa hewa ya nje unapungua, na hewa iliyofungiwa mahali inatanuka. Ndiyo maana madaktari humkataza mtu mwenye pafu la namna hii kupanda ndege. Hewa iliyonaswa kifuani mwa yule kijana, kwa kupanda huo mlima mmoja tu, inaongezeka ukubwa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Yaani njia ya kwenda hospitali yenyewe inazidisha ugonjwa. Na akifika juu anakuta hewa nyepesi kuliko aliyoiacha, wakati anavutia pafu moja. Sijaona kitabu chochote cha kozi za Marekani kilichoandikwa kwa kuiwazia barabara ya Lyamba lya Mfipa, na hakuna sababu kiandikwe hivyo. Hilo ni letu kulijua. Anayetoka Kasanga ana zaidi ya kilomita 100 kufika kwenye mashine ya eksirei ya hospitali ya mkoa. Na ikibidi rufaa kwenda Mbeya, ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Tunduma.

Kuna na jambo la damu. Sindano ya namna hii hutumika mara moja, kwa mtu mmoja, kisha inatupwa kwenye kisanduku kigumu kinachofungwa na kuchomwa. Nilimuuliza kijana wangu sindano mia zitamtosha kwa muda gani. Akapiga hesabu: wachezaji ishirini na mbili, kila mmoja sindano tatu au nne. Hazimalizi hata mzunguko wa pili. Na zikikaribia kwisha, mechi ni kesho, fedha hakuna, ni nani atakayemzuia asiichovye kwenye spiriti na kuirudia? Nchi hii iliwatambua wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1983, kule Kagera. Tumetumia miaka arobaini kufundishana kwamba wembe haurudiwi na sindano hairudiwi. Na homa ya ini ya aina ya B inaambukiza kwa damu kwa urahisi kuliko hata UKIMWI. Hatuwezi kuirudisha tabia ile kwa mlango wa michezo.

Basi sheria yetu inasemaje? Kwetu mwenye ile asilimia 86 ni mtaalamu wa fiziotherapia, yule ambaye wengi hospitalini tunamwita mtu wa mazoezi. KCMC kule Moshi imewafundisha kwa miongo mingi. Stashahada ni miaka 3, na shahada ipo. Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017 inasimamia usajili na leseni. Upande wa pili kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, yenye baraza lake. Wakenya wana Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014, na baraza la fani hiyo peke yake. Sindano kavu, kwa maoni yangu, imekaa pabaya kati ya milango hii miwili ya kwetu. Mtu akisema anatibu kwa sindano za Kichina, ataelekezwa tiba mbadala. Akisema ni fiziotherapia, ataelekezwa kwa wenzake wa hospitali. Na mjanja anaweza kusimama katikati akamwambia huyu niko kwa yule, na yule niko kwa huyu. Ningependa kuona mabaraza haya mawili yakikaa pamoja na kuandika kwa maneno mepesi: sindano kavu ni ya nani, baada ya saa ngapi, na chini ya macho ya nani. Wasisubiri mtoto wa mtu aumie ndipo waitane Dodoma.

Kijana wangu hajasajiliwa popote. Nilimwambia wazi: kisanduku hiki usikifungue. Hakukasirika, lakini niliona uso umeanguka. “Sasa, Mwalimu, mimi nifanye nini? Daktari hatuna. Mtu wa fiziotherapia hatumwoni kijijini. Vijana wananitegemea mimi.”

Swali hili ni la haki, na tungekuwa wabaya tukimnyang'anya sindano tukamwacha mikono mitupu. Kwa hiyo tulikaa mpaka saa nne usiku.

Nilimuuliza vijana wanabanwa misuli saa ngapi. Akasema, kipindi cha pili, dakika za mwisho, na zaidi mwezi wa sita na wa saba. Sasa, mwezi wa sita na wa saba hapa kwetu ni baridi inayoumiza mifupa. Hiyo ndiyo miezi ya mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, mabonanza, mavuno yamekwisha na kila kijiji kina kombe. Wachezaji wanakuja wametembea au wamepanda kwenye lori, wamekaa wamejikunyata, wanavua koti wanaingia uwanjani. Kupasha mwili moto ni kukimbia mara mbili kuzunguka goli na kupiga mashuti. Halafu tunashangaa nyama za paja zinachanika.

Ipo programu ya FIFA inayoitwa 11+. Ni dakika 20 za kupasha mwili: kukimbia kwa mpangilio, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua vizuri, kuimarisha tumbo na mapaja. Haihitaji kifaa chochote ila uwanja na mpira. Norway waliijaribu kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakachapishwa mwaka 2008, na majeraha yakapungua kwa karibu theluthi. Ndani yake kuna zoezi moja la nyama za nyuma ya paja: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, unashuka mbele taratibu huku unajizuia. Kijana wangu tulilifanya pale pale sebuleni, mimi nikimshika miguu. Aliposhuka mara ya nne alikuwa anatetemeka. “Mwalimu, hili linauma kuliko sindano.” Linauma, nikamwambia, lakini wiki ya tatu haliumi tena, na paja linakuwa la mtu mwingine.

Msimu wa 2020/21 Tanzania Prisons walipoutumia Uwanja wa Nelson Mandela hapa mjini kama nyumbani, na Simba wakafungwa bao 1-0 pale Oktoba 2020, watu walikwenda kutazama mpira. Mimi nilifika mapema nikatazama wanavyopasha mwili. Hakuna siri iliyofichwa pale. Ni utaratibu, kila siku, bila kuruka hatua. Hilo mchua misuli wa kijiji anaweza kulifanya, na akilifanya anawaokoa vijana wengi kuliko atakavyowachoma. Anaweza pia kujifunza kutofautisha msuli uliokaza na msuli uliochanika, maana uliochanika ukiuchua siku ya kwanza unazidi kuvuja damu ndani. Anaweza kujifunza kufunga kifundo cha mguu kilichoteguka, kumlaza vizuri aliyezimia, kumtambua aliyegongwa kichwa na kumkatalia asirudi uwanjani hata nahodha akipiga kelele. Hiyo ni kazi kamili.

Viongozi wa vyama vya mpira vya wilaya, na walimu wa michezo mnaonisikiliza, nawaomba jambo moja. Mkiandaa mashindano, mnaandika barua kwa polisi, mnaandika kwa diwani aje kukagua timu. Andikeni na kwa mganga mkuu wa wilaya, mwombeni mtu wa fiziotherapia kwa siku mbili kabla ya mashindano, akae na wachua misuli wote wa timu. Hao wataalamu ni wachache na wana wagonjwa wa kiharusi na watoto wenye ulemavu wanaowasubiri, kwa hiyo atakuja akiwa amechoka. Mpeni chakula kizuri na nauli yake kamili, msimrudishe kwa ahadi. Na kama siku moja yeye mwenyewe atapata mafunzo ya sindano kavu, basi yeye ndiye aishike, kwenye chumba safi, akiwa na kisanduku cha kutupia na simu ya gari la wagonjwa.

Kijana wangu alirudi Jumapili iliyopita. Alikuwa amekwenda hospitali mwenyewe, akamsubiri mtaalamu mpaka wagonjwa wakaisha, akamweleza. Yule mtaalamu alikubali aje kila Jumanne mchana, akae pembeni, atazame, aulize, asimguse mgonjwa mpaka aambiwe. Tatizo lilikuwa nauli, maana kutoka kijijini kwao ni bodaboda kisha basi, kwenda na kurudi. Timu ilikaa kikao. Walikuwa na fedha ya kununulia jezi mpya, wakaamua jezi za zamani zifuliwe zitumike msimu mmoja zaidi, fedha iwe nauli ya mchua misuli. Jumanne ya keshokutwa ndiyo siku yake ya kwanza, na ameniomba nimwazime daftari.